Uhandisi: mlango unaofungwa kidato cha tano

Wazazi wa Handeni na Korogwe hawahitaji kuelezwa kazi ya mhandisi. Bomba kuu la maji la Handeni huvuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe, kituo cha umeme cha Hale kipo tangu 1964, na mradi wa maji wa miji 28, uliotiwa saini Juni 2022, umeijumuisha miji yote miwili. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kwenda Chongoleani nalo linakatiza wilaya hizo. Linaloulizwa ni watoto wangapi wa huko watasimamia mitambo hiyo badala ya kuichimbia mitaro.

Kwa utaratibu wetu, uamuzi huo hufanyika mapema mno. Aliyemaliza kidato cha nne akipangiwa HGL, safari yake ya uhandisi kwa njia ya kidato cha sita imekwisha, kwani vyuo vikuu hudai ufaulu wa fizikia na hisabati ya juu. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi 49 na kufikisha 65. Uchaguzi umepanuka, lakini yule aliyekwisha kuchagua hakufunguliwa njia ya kurudi.

Marekani wanao utaratibu tofauti. Vipo vyuo vidogo vya elimu ya jumla, vingi visivyofundisha uhandisi, ambako mwanafunzi husoma historia, falsafa na uandishi sambamba na fizikia, kemia na hisabati. Baada ya miaka mitatu huhamia kwa miaka miwili katika chuo kikuu chenye shule ya uhandisi, na kuhitimu na shahada mbili.

Ni utaratibu wa kuvutia, na kijana wa Korogwe mwenye alama nzuri anaweza kuufikiria. Hata hivyo, ajihadhari. Ufadhili wa chuo cha kwanza mara nyingi hauhami pamoja na mwanafunzi, na kwa mgeni asiye na mkopo wa serikali ya Marekani miaka miwili ya mwisho ndiyo ghali zaidi. Aidha, asiyeanza hisabati na fizikia tangu mwaka wa kwanza hujikuta amechelewa. Falsafa haisamehe deni la hisabati.

Hapa nchini njia ya kuzunguka ni stashahada. Mhitimu wa kidato cha nne huweza kusoma miaka mitatu katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha au Chuo cha Maji, kisha akaomba shahada. Ni ndefu kuliko kidato cha sita kwa takriban mwaka mmoja, lakini mhusika huifika shahada akiwa tayari fundi sanifu. Inashangaza kwamba familia nyingi bado huihesabu kuwa njia ya walioshindwa.

Zote hizo hukutana kwenye hisabati, nako ndiko kwenye tatizo. Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2022, 2023 na 2024, waliofaulu somo hilo kitaifa hawakufika theluthi moja. Kwa shule ya kata ya Handeni yenye uhaba wa walimu wa somo hilo, kuongeza tahasusi ni kuongeza milango katika nyumba isiyo na ngazi.

Matokeo yakitoka, wanafunzi hupewa muda wa kubadili tahasusi na kozi kwa mtandao wa TAMISEMI. Halmashauri hizi mbili zingeweza kuanzia hapo, kwa kumkalisha kila aliyefaulu hisabati na fizikia pamoja na mwalimu kabla ya muda huo kwisha.