Hanang' Moja, Maandishi Matatu

Mlima unaoinuka juu ya mji wa Katesh huandikwa kwa namna mbili: Hanang na Hanang'. Msomaji hababaishwi na tofauti hiyo, kwani aujua mlima wenyewe. Kompyuta haiujui mlima. Huzijua namba tu. Kila herufi huhifadhiwa ndani yake kwa namba: A kubwa ni 65, a ndogo ni 97, nafasi tupu ni 32. Programu ipewapo sharti la kulinganisha maneno mawili, huzipima namba hizo moja baada ya moja. Ikitokea tofauti moja tu, jibu huwa "si sawa".

Ritifaa nayo ina sura mbili. Iliyonyooka ni namba 39. Iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, ni 8217. Hivyo wilaya moja yaweza kuwa wilaya tatu katika orodha moja.

Atafutaye kosa la namna hii asiyaamini macho yake. Aiamuru programu ichapishe urefu wa kila neno na namba za herufi zake. Neno Katesh lina herufi 6. Zikihesabiwa 7, huenda nafasi tupu imejificha mwishoni. Kisha aichunguze lugha anayoitumia. Katika Java, alama == huuliza kama maneno mawili ni kitu kimoja katika kumbukumbu ya mashine; kulinganisha maandishi ni kazi ya equals. Katika C, strcmp hurudisha 0 maneno yanapokuwa sawa, na 0 ndani ya sharti huhesabiwa kuwa si kweli. Asiyelijua hilo hupata majibu yaliyopinduka.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuwalazimisha wananchi waandike kwa namna moja. Hoja hiyo haitoshi, kwa maana jina ni mali ya mwenyewe. Katika maandishi ya Kiiraqw, mkwaju ni konsonanti kamili. Programu inayoufuta kwa kuudhani uchafu huliharibu jina la mtu. Yafaa programu itengeneze nakala ya kulinganishia, iliyoondolewa nafasi za pembeni, yenye herufi ndogo tupu na ritifaa ya aina moja, na jina la asili libaki kama lilivyoandikwa.

Jambo hili si dogo. Katika maafa kama maporomoko ya tope yaliyoikumba Katesh tarehe 3 Desemba 2023, orodha za majina ndizo husaidia kutambua nani amepotea na nani anastahili msaada. Mama aliyepoteza nyumba akiambiwa "hayumo" kwa ajili ya ritifaa, hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia. Kwa hiyo "si sawa" ya kompyuta isiwe hukumu ya mwisho. Programu na ionyeshe majina yanayokaribiana, kisha mtu anayewafahamu watu wa mahali hapo aamue.