MWENYE KAZI NA FUNDI WAKE

Si jambo geni katika visiwa vyetu kumuona mtu amesimama chini ya jukwaa la miti tangu asubuhi, mikono ameifunga nyuma, akimtazama fundi anayemjengea nyumba. Fundi akiweka tofali, naye hulitazama. Fundi akiteremsha timazi, naye hufumba jicho moja akapima kwa jicho la pili. Baada ya muda mfupi huanza kuuliza, baada ya kuuliza huanza kuelekeza, na kabla ya adhuhuri huwa amekwisha kuamrisha. Wala hali hii haiko kwa waashi peke yao. Iko kwa seremala ambaye mteja wake humuinamia juu ya msumeno. Iko kwa fundi umeme anayeshikiwa ngazi na watu wanne ambao hakuwaita. Iko zaidi kwa mafundi cherahani katika kumi la mwisho la Ramadhani, wakati baraza ya fundi inapojaa wateja walioapa kuwa hawaondoki mpaka kanzu zao ziingie mkononi.

Tumeona inafaa kulizungumza jambo hili leo. Kwa juu juu ni dogo, na pengine la kuchekesha, lakini ndani yake mna upotevu wa mali, mna hatari ya maisha, na mna suala la heshima ya kazi.

Kwanza hapana budi tuseme haki. Mwenye kazi ana haki kamili ya kujua kinachofanywa kwa fedha zake. Nyumba ya mkaazi wa kawaida wa Unguja au Pemba haijengwi kwa mwaka mmoja. Hujengwa kidogo kidogo, kwa fedha za karafuu, kwa akiba ya mshahara, au kwa msaada wa jamaa walioko Maskati na Dubai. Mtu aliyekwisha kuona mifuko yake ya saruji ikipungua bila ya ukuta kuongezeka hawezi kulaumiwa kwa kufungua macho. Na mafundi nao wasijifanye hawana dhambi. Wapo wanaopokea arabuni za kazi tatu kwa wakati mmoja na kuimaliza moja tu. Wapo ambao neno lao la kila siku ni "kesho", na kesho hiyo haifiki. Kwa hivyo, anayesimama juu ya fundi aghlabu hakusimama kwa ubaya. Amesimamishwa na hofu.

Hata hivyo, hofu haijengi ukuta, na mara nyengine huubomoa. Tuchukue mfano wa zege. Fundi amepima mchanga, kokoto na saruji kwa idadi ya ndoo anayoijua, na maji ameyatia kwa kiasi. Mwenye nyumba akiliona zege ni zito na vibarua wanalisukuma kwa taabu, huingiwa na huruma au haraka, akasema: "Ongezeni maji." Fundi, kwa kuwa anayesema ndiye anayelipa, huongeza. Siku ile kazi huenda mbio na kila mtu hufurahi. Lakini maji yaliyozidi hulidhoofisha zege, na udhaifu huo hauonekani kwa macho siku ile wala wiki ile. Huja kuonekana nyufa zinapotokea kwenye dari. Hapo fundi ndiye atakayeitwa muongo, na aliyeamrisha maji hatakumbuka neno lake.

Mfano wa pili uko katika Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 UNESCO iliuandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba zake nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Kuta hizo zimezoea kupitisha unyevu na kuutoa. Fundi anayeijua chokaa huipaka kwa tabaka nyembamba na kuliacha kila tabaka lipate wakati wake. Mwenye nyumba anayehesabu siku huona fundi huyo ni mvivu, akamtaka apige saruji ili kazi imalizike. Saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi ikala mawe, na vichwa vya boriti vikaoza. Aliyetaka kuokoa wiki mbili huwa ameipunguzia umri nyumba aliyoachiwa na wazee wake.

Tena kuna suala la usalama. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jengo la Beit al Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati likiwa katika matengenezo, na watu 2 walipoteza maisha yao. Hatulitaji tukio hilo kwa kumnyooshea mtu kidole. Tunalitaja kukumbusha kwamba jengo linalotengenezwa si baraza ya mazungumzo. Zanzibar inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005. Lakini sheria haiwezi kumuondoa mtu chini ya jukwaa ikiwa mtu huyo ndiye mwenye nyumba na fundi anaona haya kumwambia asogee. Msumeno wa umeme haujui nani mteja na nani seremala. Fundi anayegeuza uso kujibu swali hali mkono wake uko karibu na meno ya msumeno huo huliweka swali la dakika moja juu ya vidole vya maisha yake yote.

Kuna na wanagenzi. Kijana anayejifunza kazi, awe ametoka katika vituo vya mafunzo ya amali au ameletwa kwa fundi na mzazi wake, hukosea, na kukosea ni sehemu ya kujifunza. Kosa lake lirekebishwe na fundi wake. Mteja anapomkemea kijana huyo mbele ya watu, au anapompa amri inayopingana na ya mkubwa wake, humvunja moyo na humfundisha kuwa kazi ya mikono ni kazi ya kudharauliwa. Halafu sisi sisi hulalamika kuwa vijana wetu hawataki ufundi. Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na penye fundi, mwenye nyumba, shemeji yake na jirani yake, manahodha wamekwisha kuwa wengi.

Siku hizi kusimama huku kumepata mlango mpya. Jamaa aliyeko ng'ambo hupiga simu kila saa akitaka picha ya ukuta, na kila picha huja na amri yake. Fundi hulazimika kuacha mwiko na kushika simu, na udongo alioukoroga humkaukia kwenye karai. Umbali haubadilishi hukumu. Huko nako ni kumsimamia mtu kichwani.

Yatupasa pia tuseme na viongozi na watendaji wa Serikali, nasi tuliomo katika Chama tukiwa miongoni mwao, kwani mteja mkubwa wa mafundi katika visiwa hivi ni Serikali yenyewe. Ziara ya kukagua ujenzi wa skuli au kituo cha afya ni wajibu, wala hatuipingi. Lakini kiongozi anapofika na msafara mrefu, kazi yote husimama. Na anapotoa agizo kwa fundi aliyemkuta juu ya ukuta, bila ya kupitia kwa mhandisi na msimamizi waliotajwa katika mkataba, huwa ameivunja ngazi ya uwajibikaji. Likitokea kosa, mkandarasi atasema, "Niliagizwa," na atakuwa amesema kweli. Kila mwaka, zinapokaribia sherehe za Mapinduzi za tarehe 12 Januari, miradi hutayarishwa kwa kufunguliwa. Hilo ni jambo la fahari. Lakini zege humwagiliwa maji kwa siku 7 kwa uchache, na nguvu zake hupimwa siku ya 28. Siku ya kufungua jengo ipangwe kwa kulifuata zege, kwa sababu zege halisomi ratiba ya sherehe.

Nini basi kifanywe? Sisi tunaamini kwamba kusimama juu ya fundi ni dalili, na ugonjwa wenyewe ni kukosekana kwa makubaliano. Watu hupatana kwa maneno mawili njiani, wakapeana arabuni, kisha kila mmoja akaenda na fahamu yake. Ilhali dini yetu imetufundisha mapema. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, inaamrisha deni la muda liandikwe na mashahidi wawekwe. Wahenga nao wakasema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Kwa hivyo, kabla ya tofali la mwanzo kuwekwa, iandikwe karatasi moja: kazi gani, kwa kipimo gani, vifaa vinunuliwe na nani, bei ngapi, ilipwe kwa awamu zipi, na imalizike lini. Kwa kazi kubwa, si vibaya sheha wa shehia akajuulishwa.

Pili, ukaguzi uwe na saa yake. Mwenye nyumba na aje asubuhi kabla ya kazi kuanza, au jioni vyombo vinapooshwa, na azungumze na fundi mkuu pekee. Na zipo siku ambazo kuwepo kwake ni lazima kabisa, nazo ni zile ambazo kitu kinakaribia kufunikwa: msingi kabla ya kufukiwa, nondo kabla ya zege kumwagwa, mabomba na nyaya kabla ya plasta kupigwa. Ukaguzi wa siku nne za namna hiyo una faida kuliko kusimama siku arubaini. Malipo ya kila awamu na yafuate ukaguzi huo, na yakishafika wakati wake yasicheleweshwe, kwani Mtume ametufundisha mfanyakazi alipwe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka.

Tatu, mafundi wajifunze kusema. Fundi anayenung'unika moyoni kisha akaharibu kazi kwa hasira hana tofauti na anayeiba. Mteja akija, akaribishwe, aelezwe kwa dakika tano kinachofanywa leo na sababu yake, aoneshwe pa kukaa palipo salama, na aambiwe kwa adabu arudi saa ngapi. Akizidi kukaribia, fundi aweke chini chombo chake, amsikilize, kisha amuombe asogee ndipo aendelee. Na fundi cherahani asipokee vitambaa asivyoweza kuvishona kabla ya Idi. Akikataa kitambaa kimoja mapema, amejiepusha na mteja mmoja wa kukesha barazani.

Na ikiwa mwenye nyumba moyo wake hautulii mpaka awepo, ipo kazi inayomngojea. Ukuta mpya unataka kumwagiliwa maji asubuhi na jioni, na kazi hiyo aghlabu husahauliwa kwa sababu fundi amekwisha kwenda zake. Achukue ndoo au mpira wa maji, amwagilie ukuta wake mwenyewe. Hapo atakuwa ameutazama kila siku, ameupapasa, na ameutia nguvu.

Tunatoa wito kwa wananchi, kwa mafundi na kwa watendaji wa Serikali walizingatie jambo hili. Kila mmoja wetu ni mteja leo na mtendaji kesho. Mwalimu asingependa mzazi asimame nyuma yake darasani akimsahihisha chaki ubaoni, wala karani asingependa mwenye faili amuinamie begani. Tusilolipenda maofisini mwetu tusilipeleke kwa mtu aliye juu ya ngazi, jua la saa saba likimwakia na mwiko uko mkononi.