Kichomi cha Ghafula na Ushahidi wa Damu

Huku kwetu Lupembe, na nchi zote za baridi toka Njombe hata Makambako, mtu akishikwa na maumivu ya kifua twasema ni kichomi, na mara nyingi twasema kweli. Lakini kuna maradhi mengine yavaayo nguo zile zile za kichomi, nayo huua upesi zaidi. Damu huganda katika mishipa ya ndani ya mguu, kisha pande lake huchomoka, likapanda mpaka moyoni, likapita likaenda kuziba mshipa wa mapafu. Mgonjwa hupungukiwa na pumzi ghafula, kifua humchoma avutapo hewa, moyo humwenda mbio, na pengine hukohoa damu au huzimia.

Basi daktari wa chumba cha dharura atajuaje ya kuwa hiki si kichomi? Kiko kipimo cha damu ambacho wenye maabara hukiita didaima. Mwili ukiwa na damu iliyoganda huanza wenyewe kuiyeyusha, na vipande vidogo vya nyuzi zilizoishika huingia katika damu itembeayo. Hivyo ndivyo vipimwavyo. Vikiwa haba, chini ya nanogramu 500 katika mililita moja, na mgonjwa hana dalili nzito, daktari aweza kuyaondoa maradhi haya katika hesabu yake bila ya picha.

Ama vikiwa vingi, hapo ndipo watu wanapokosea. Vipande hivi huzidi pia kwa mimba, kwa uzazi, kwa operesheni, kwa homa ya mapafu, kwa saratani, hata kwa uzee peke yake. Huyu ni shahidi ambaye akikana husadikiwa, na akikiri hutakiwa shahidi wa pili. Nasi tuliosoma mlango wa ushahidi chuoni hatuoni ajabu. Shahidi wa pili ni picha ya mapafu kwa mashine ya siti skani, nayo haipo katika kila hospitali. Pasipo nayo, mishipa ya miguu huweza kutazamwa kwa ultrasaundi.

Lililo kubwa kwetu sisi watu wa nyumbani ni kwamba kipimo bila habari za mgonjwa ni nusu ya neno. Mwaka 2017 madaktari wa Uholanzi walitangaza njia waliyoijaribu kwa wagonjwa 3,465. Kwanza hutazamwa mambo matatu: je, mguu una dalili za damu kuganda? Je, mgonjwa amekohoa damu? Je, daktari aona maradhi haya ndiyo yaelekeayo kuliko mengine? Yakikosekana yote, mpaka huwa 1,000. Likipatikana hata moja, mpaka hurudi 500. Damu ni ile ile, hukumu ni mbili.

Na habari hizo ziko kwetu. Mgonjwa alisafiri kwa basi kutwa nzima toka Dar es Salaam? Alipasuliwa mwezi uliopita? Mguu ulikuwa katika plasta? Yumo katika arobaini? Maana hatari hii kwa mwanamke huzidi katika wiki sita baada ya kuzaa kuliko wakati wa mimba yenyewe, nazo ndizo siku tunazomlaza kitandani kwa kumhurumia. Awezaye kutembea ndani ya nyumba na atembee. Tena viko vidonge vya kuzuia mimba vinavyozidisha kuganda kwa damu, na wako wake wanaovimeza kwa siri. Hapo mume asijibu kwa niaba yake, wala mama mkwe. Mwanamke na aulizwe peke yake.

Aliyezimia, ambaye presha yake imeshuka, hangojewi karatasi ya maabara. Huyo hutibiwa kwa dalili, na moyo wake hutazamwa pale pale kitandani kama chombo kipo. Jamaa wasigombane na daktari kwa kuwa hakuanza na kipimo walichokisikia.

Nalo hili ni la kina mama wakandaji: mguu mmoja uliovimba na kuuma ghafula, hasa kwenye shavu lake, usikandwe kwa maji moto wala kwa mafuta. Mwenye mguu huo apelekwe hospitali siku ile ile, kabla kifua hakijaanza.