Mbwa Anayekuja Akiitwa
Na Halima Guyo

Pita Bula Pesa, hapa Isiolo, jioni mbuzi wakirudi, utamsikia mvulana akiita, "Simba! Simba! Simba!" Mkono mmoja kauficha mgongoni, umeshika fimbo. Mbwa kajilaza chini ya mgunga, masikio kayabana, anamtazama tu. Akijikokota mwishowe, anachapwa kwa kuchelewa. Kesho akiitwa atakimbilia upande wa pili, nasi tutasema ni mkaidi. Si mkaidi. Kafundishwa vizuri sana kwamba kuja ni kuchapwa.

Jambo hili linagusa uhai wa watu. Tangu 2014 Kenya ina mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Sindano haichukui muda. Kazi ni kumpata mbwa mwenyewe. Wa manyatta za Oldonyiro au Merti, anayelala nje akilinda zizi dhidi ya fisi, hashikiki ila na anayemwamini. Mwenye mbwa akimwita asije, gari la chanjo litaondoka, na mbwa huyo ndiye atakayekutana na mbweha mwenye ugonjwa usiku, kisha aje kuuma watu. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, hakuna tiba. (Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.)

Anza na mbwa akiwa mdogo, ana njaa, yuko hatua chache tu. Chuchumaa, mwite mara moja, kwa jina lile lile au mluzi ule ule. Akifika, apate kipande cha mafuta ya mbuzi papo hapo, kisha mwache aende zake. Wengi hukosea hapo: humwita wakati wa kumfunga tu, naye akajua kuitwa ni kunyimwa uhuru. Umbali ukiongezeka, mfunge kamba ndefu aiburute, usilazimike kumkimbiza, maana ukimkimbiza ataona ni mchezo. Na hata kama ameiba nyama, akija ulipomwita usimguse kwa fimbo.

Wapo watakaosema mbwa ni najisi, wa nini kuhangaika naye. Mimi ni Muislamu, twahara naijali. Kipande cha mafuta kidondoshe mbele ya miguu yako, mate yasikuguse. Lakini tukumbuke aya ya 4 ya Sura al-Maida, inayohalalisha windo la wanyama waliofundishwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi hapa, waliweka masharti ya mbwa aliyefundishwa: akitumwa aende, akikemewa aache, akikamata asile, na hayo yajirudie mpaka yawe tabia yake. Kwa sharti hilo la pili, mbwa asiyemsikia mwenyewe hahesabiwi kuwa amefundishwa. Basi kumzoeza mbwa wa mifugo si mambo ya wageni. Yamo katika vitabu vinavyosomeshwa madrasani.

Ombi langu kwa idara ya mifugo ya kaunti: tangazo la chanjo litoke wiki kadhaa kabla, misikitini, makanisani na redioni, kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana na Kisamburu. Pamoja na tarehe, liwaambie wenye mbwa waanze leo kuwaita kwa chakula, bila fimbo. Shule ziambiwe kwanza, kwa kuwa mara nyingi watakaowaleta mbwa hao kwa daktari ni watoto.