Nani Atamwagilia Januari?

Tuambiane ukweli, wasee. Wakenya kupanda miti tunajua sana. Kuitunza ndio hatutaki.

Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa likizo nzima tukapande miti. Lengo la siku hiyo lilikuwa miche milioni 100, na mpango wote ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Namba tamu. Sasa niambie: ule uliopanda wewe uko hai?

Sinema yenyewe unaijua. Basi linashusha watu wa fulana moja, mheshimiwa anashika jembe, kamera zinawaka, mche unasukumwa ardhini saa sita mchana jua likiwa utosini. Halafu pilau. Kesho mbuzi anapita. Mwezi ukiisha tunasema ati udongo wa huko ni mbaya. Udongo umekukosea nini, buda?

Mimi chuo niliacha, so usiniite mtaalamu. Lakini hii hata muuza miche wa kando ya barabara atakuambia bure. Mche umelelewa kitaluni, kivulini, maji kila siku. Ukiurusha ghafla kwa jua na upepo, unakauka. Kwa hivyo unauzoesha kwanza: unapunguza maji polepole, unauweka kwa jua la asubuhi kidogo, kila siku unaongeza muda, mpaka uweze kushinda nje.

Panda mvua ikishashika, jioni au siku ya mawingu. Mwagilia mche kabla ya kuuhamisha. Toa ile karatasi ya nailoni! Kuna watu huzika mti na karatasi yake, mizizi inabaki kuzunguka humo ndani kama mfungwa. Bonge la udongo lisivunjike. Juu weka nyasi kavu, zisiguse shina. Zungushia miiba. Mvua ikikatika, beba mtungi.

Wangari Maathai alishaelewa hii kitambo. Green Belt Movement, aliyoanzisha 1977, iliwapa akina mama malipo kidogo kwa kila mche ulioshika. Ukipanda ukatoroka, hupati kitu. Sisi tumegeuza: tunapigia makofi shimo.

Na usiniambie "angalau tumejaribu." Mche uliokufa ulikunywa maji ya mtu na kula miezi ya jasho lake kitaluni. Kuuacha ufe juu ya picha ni dharau kwa huyo mtu.

Kwa hivyo mkiniita nirekodi siku yenu ya miti, nitauliza swali moja: Januari kiangazi kikibisha, nani atarudi kumwagilia? Nataka jina na namba ya simu. Kama hakuna, tafuteni mwingine wa kushika kamera.

Na wewe unayesoma, panda mmoja tu. Usiniposti leo. Nitagi baada ya miezi sita, ukiwa na majani mapya.