Msimhukumu Sansa kwa Sheria za Leo



Naomba nafasi kidogo katika jarida letu nitoe dukuduku langu kuhusu ubishi ambao haujaisha katika darasa letu. Ubishi wenyewe ni juu ya wahusika wa vitabu vya mwandishi Mmarekani, George R. R. Martin, viitwavyo A Song of Ice and Fire. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka wa 1996 na cha tano mwaka wa 2011. Hadithi hiyo ilionyeshwa pia katika televisheni kuanzia 2011 hadi 2019. Waliosoma wamesoma, waliotazama wametazama, na sasa kila mtu amejifanya hakimu.

Hukumu inayoniudhi zaidi ni ile ya Sansa Stark. Wavulana, na hata sisi wasichana, husema ati ni mjinga na msaliti aliyemuuza babake kwa Malkia Cersei kwa sababu ya kumpenda mwana wa mfalme. Mimi napinga!

Kwanza, tutazame umri wake. Hadithi inapoanza, Sansa ana miaka 11. Huyo si ni mtoto wa shule ya msingi? Amelelewa kwa lengo moja tu, kwamba siku moja awe mke wa mkuu. Amefundishwa kushona, kuimba, kusema kwa adabu na kumtii mume atakayechaguliwa na wazazi. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Anapokwenda kumwambia malkia kwamba baba anataka kuwarudisha nyumbani, yeye anaona anamwendea mama mkwe wake mtarajiwa, mtu ambaye ameambiwa amheshimu.

Pili, wanaomlaumu husahau jambo kubwa. Ned Stark mwenyewe alikuwa amekwisha kumwendea Cersei akamwambia kuwa ameijua siri ya watoto wake, akamsihi atoroke nao. Kisha akamwamini Petyr Baelish, naye Baelish akawageuza askari wa mji dhidi yake. Watu wazima wamekosea, lakini lawama tunamtwika mtoto. Kwani ni kwa nini? Ni kwa sababu anapenda nguo nzuri na nyimbo?

Wengine hunijibu kwamba hakuna msichana wa miaka 11 anayewaza ndoa. Leo, sawa. Lakini Martin amesema mara nyingi kwamba aliichota hadithi yake katika historia, hasa Vita vya Mawaridi vya Uingereza, vilivyopiganwa kati ya 1455 na 1485 baina ya ukoo wa Lancaster na ukoo wa York. Katika vita hivyo alikuwako msichana aitwaye Margaret Beaufort. Aliozwa akiwa na miaka 12, na mwaka wa 1457, akiwa na miaka 13 na tayari ni mjane, alimzaa mtoto ambaye baadaye alikuwa Mfalme Henry wa Saba. Basi Sansa si kituko. Ni mtoto wa zama za ukabaila, ambapo binti alikuwa kama muhuri wa mkataba kati ya koo mbili.

Ukiielewa dunia hiyo, hata kosa la Robb Stark linaeleweka vizuri. Wengi humwona kijana aliyefuata mapenzi, wakamhurumia tu. Lakini alikuwa ameahidi kuoa binti wa ukoo wa Frey ili jeshi lake livuke daraja lao, naye akaoa kwingine. Ahadi ni deni, na kwa wakabaila ahadi ya ndoa ilikuwa siasa. Mfalme Edward wa Nne wa Uingereza alioa kwa siri mwaka wa 1464, huku mshauri wake mkuu, Warwick, akimtafutia mke Ufaransa. Warwick aliaibika, baadaye akamgeuka, na mwaka wa 1470 Edward akalazimika kuikimbia nchi yake.

Yuko pia Jaime Lannister, anayeitwa Muuaji wa Mfalme. Ni kweli alimuua Mfalme Aerys aliyekuwa ameapa kumlinda. Lakini mfalme huyo alikuwa ametoa amri mji mzima uteketezwe kwa moto. Jaime alikuwa na miaka 17. Ned alimkuta ameketi kwenye kiti cha enzi, akamhukumu kwa macho, na Jaime kwa kiburi chake hakujieleza. Sisi nasi tunadanganyika vilevile, maana Martin huipa kila sura macho ya mhusika mmoja, na sura za Jaime hazianzi mpaka kitabu cha tatu. Vitabu viwili vizima tunamsikia kwa midomo ya wengine tu!

Sisemi kwamba historia inafuta dhambi. Jaime alimsukuma mtoto Bran kutoka dirishani, na hilo ni ovu katika zama zozote. Wala sikubaliani na wanaotetea kila ukatili wa vitabu hivyo kwa kusema ndivyo ilivyokuwa zamani. Majoka ya kutema moto yalikuwako zamani gani? Mwandishi alichagua aweke nini na aache nini. Ninachosema ni kwamba tuijue kwanza dunia ya mhusika, kisha ndipo tutoe hukumu.

Usilolijua ni usiku wa giza. Hapa shuleni pia mtu akishaitwa msaliti siku moja, jina humganda mpaka kidato cha nne, na hakuna anayemuuliza ilikuwaje. Ikiwa tunashindwa kumsikiliza Sansa, ambaye mwandishi ametufungulia moyo wake wote tuusome, tutamsikiliza vipi mwenzetu ambaye hana wa kumwandikia?

Kalamu naiweka chini. Mwenye kupinga na ajibu katika toleo lijalo.