SAYANSI YA CHAKI NI CHANGA LA MACHO!

Kijana mwenzangu, usikasirike. Nakuuliza swali moja tu, tena la kijiweni. Ulipokuwa sekondari, bureti uliishika mara ngapi? Nasema kuishika, sio kuichora.

Kimya. Nilijua.

Mimi nilisoma huko kwetu Mbinga, shule sitaitaja. Mwalimu alichora ubaoni taa ya gesi, akachora chupa, akachora na mapovu. Sisi tukanakili. Mapovu ya chaki, ndugu yangu! Siku ya mtihani tukaulizwa yale mapovu yalikuwa gesi gani. Aliyekariri akaitwa kichwa, aliyesahau akaitwa bongolala. Leo bongolala huyo yuko Kariakoo anauza mitumba, na moyoni anaamini kabisa kwamba sayansi ilimkataa. Haikumkataa. Hawakukutanishwa!

Wala usidhani ni shule yetu peke yake. Kwa miaka mingi nchi hii ilikuwa na mtihani ulioitwa mbadala wa vitendo. Yaani shule haina maabara, basi mtoto anaandikiwa kwenye karatasi jaribio lililofanywa na mtu mwingine, naye anajibu kama vile alikuwapo. Ni sawa na kumpa mtu leseni ya udereva kwa sababu ameeleza vizuri picha ya gari. Ungepanda daladala yake?

Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa wamepata sifuri, sawa na watoto sita katika kila kumi. Wakubwa wakafanya nini? Wakaunda tume, kisha matokeo yakapangwa upya, sifuri zikapungua. Kipimo kilibadilishwa, lakini mgonjwa alibaki na homa yake.

Tusiwaonee, amri ya maabara ilikuwapo. Novemba 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu ndani ya miaka miwili: fizikia, kemia na baiolojia. Muda ukaisha, ukasogezwa hadi 2015. Mama muuza dagaa akachangishwa, mkulima wa kahawa akachangishwa. Kuta zikapanda. Lakini jengo ni jengo tu. Maabara ni vifaa, ni maji, ni kemikali, ni fundi sanifu, ni mwalimu wa fizikia mwenyewe. Chumba kitupu chenye kibao cha "Maabara" mlangoni ni stoo ya madawati.

Sasa nikukumbushe mtu mmoja. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba mkoani Tanga, kijana Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo uyaingize kwenye friji. Nafasi ilikuwa ndogo, vijana wanagombania. Mpemba akaona akingoja atakosa, akaingiza maziwa yake ya moto vilevile. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa ya moto!

Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na darasa likamfanya kichekesho. Siku moja akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne. Mpemba akasimama, akauliza swali lake lilelile. Osborne hakumkejeli. Alirudi chuoni, akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao wakaandika pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza, na mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya kitu kinachoitwa athari ya Mpemba: kinatokea lini, kwa nini, na kama kweli kinatokea kila mara.

Umeona? Silaha ya kijana yule ilikuwa maziwa, sukari, friji na ubishi. Kama angekuwa na chaki tu, angenakili kwamba cha baridi huganda kwanza, akapata alama zake, na dunia isingelijua jina lake.

Turudi kwetu. Wenzangu mliotoka Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, mnajua mmelelewa kando ya nini? Ziwa Nyasa lina kina cha mita zipatazo 700. Lina mamia ya aina za samaki ambao hawapatikani ziwa jingine lolote. Wale samaki wadogo wa rangi wanaokaa miambani, uliokuwa ukiwarudisha majini kwa sababu hawajazi sufuria, Ulaya wanafugwa sebuleni kwenye matangi ya vioo na kununuliwa kwa fedha nzuri. Maprofesa wanawachunguza wajue jinsi aina moja ya kiumbe inavyozaa aina nyingi. Wewe uliambiwa ukariri sehemu za samaki kwenye picha, na picha yenyewe ya samaki wa Uingereza!

Na nyinyi wa milimani, Wamatengo wenzangu, lile shimo la ngoro mnalidharau. Babu alilaza majani kwenye mteremko, akayapanga miraba miraba, akafukia kwa udongo aliouchimba katikati. Mvua ikija, maji yanatuama shimoni badala ya kukimbia na rutuba, na majani yanaoza yanakuwa mbolea. Miaka ya 1990 watafiti wa Japani walikuja pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine kuyachunguza mashimo hayo. Mjapani kapanda ndege kuja kusoma shamba la babu yako, wewe umepanda basi kulikimbia.

Hapo ndipo video inapoingia. Kumbuka mabanda ya video, msongamano, jasho, na sauti ya Lufufu juu ya filamu ya kigeni. Mzee asiyejua neno la Kiingereza alitoka pale akikuhadithia sinema nzima. Sasa nijibu: kama filamu ya mapigano inaweza kueleweka kwa Kiswahili na kila mtu, fizikia ina nuksi gani? Ubongo Kids walioanza kwenye televisheni mwaka 2014 wameonyesha kwamba hesabu na sayansi vinaweza kufundishwa kwa katuni, nyimbo na Kiswahili chetu. Watoto wanaimba hesabu! Halafu mtoto huyohuyo akivuka kwenda sekondari anapokewa na Kiingereza kitupu na chaki.

Lakini angalia usiuziwe changa jingine. Video pekee nayo ni chaki inayotembea. Ukitazama mapishi siku nzima utalala njaa. Video ina kazi yake: inakupeleka mkono usikofika. Chini ya mita kama 250 maji ya Ziwa Nyasa hayana oksijeni, samaki haishi. Hakuna wavu utakaokuonyesha hayo, picha itakuonyesha. Ila sababu yake utaishika kwa mkono. Chukua chupa mbili za kioo za mdomo sawa. Moja jaza maji baridi, nyingine maji ya moto uliyotia rangi. Funika ile ya moto kwa kadi ngumu, ipindue juu ya ile ya baridi midomo ikutane, kisha vuta kadi taratibu. Ya moto yatakaa juu, ya baridi chini, hayatachanganyika kwa haraka. Ndilo ziwa hilo, na hewa ya juu haishuki.

Ngoro nayo vilevile. Pasua dumu mbili kwa urefu, jaza udongo, ziinamishe. Moja ipange majani, nyingine iache wazi. Mwagia maji sawa, kinga yanayotoka. Tazama rangi ya maji. Hakuna mbunge wala diwani wa kukuzuia.

Nakuomba jambo dogo. Likizo hii ukirudi Mbinga au Nyasa, usipeleke fulana na majigambo tu. Simu yako ina bando, bando hilo linamalizikia kwenye mpira na udaku. Pakua masomo mawili matatu, kusanya wadogo zako kumi, waonyeshe, kisha wafanye wenyewe kwa chupa na dumu. Baadaye nendeni pamoja kwenye ile maabara mliyoichangia, mgongeni mlango, muulize: vifaa viko wapi?

Wakisema subirini, mtoto mwenye jaribio lake mkononi hatasubiri. Atauliza tena, kama Mpemba alivyouliza. Na hilo ndilo wanaloliogopa. Aliyezoea kukariri humwamini kila anayeshika chaki. Aliyezoea kujaribu humwambia kiongozi: nionyeshe.

Kazi kwako, mshikaji.